Zamu ya Vidonge

Lurambi, Kakamega
6 Aprili 1997

Kwa wifi yangu Raisa,

Assalam aleikum. Sisi tuko, na kama nawe uko, basi tumshukuru Mungu pamoja. Mvua imeanza vizuri. Shule zimefungwa na kelele za watoto zimehamia kwenye cherehani yangu. Baba yako kule Matungu magoti yanamsumbua, lakini amekataa mkongojo, anasema mkongojo ni wa wazee. Ana miaka sabini na minane.

Yunifomu za muhula huu nimeshona chache. Mwalimu mkuu mmoja alinirudishia sketi akasema vipimo vimekosewa. Mimi, Kulthum, nikose vipimo? Huyo amesikia ndugu yako alikufa na nini, na sasa anaogopa hata upindo nilioukunja kwa mkono wangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ule mradi wenu umefika. Kijana wenu Onesmus alikuja na pikipiki, akatupima damu mimi na Hadijah, kama ulivyotusihi tulipomzika Abdulnasir. Sote wawili tunao huu ugonjwa. Hilo halikunishangaza, mume alikuwa mmoja. Wiki iliyopita Onesmus akarudi na chupa mbili na tabasamu. Eti nimechaguliwa, nimepata dawa. Nikamuuliza, na mke mwenzangu? Akafungua karatasi akasoma: mtu mmoja kwa kila nyumba.

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Nikamwonyesha nyumba yangu, halafu nikamwonyesha ya Hadijah kule ng'ambo ya migomba. Milango miwili, meko mawili. Nikamuuliza ameona nyumba ngapi. Aliona haya, akasema kwenye karatasi nyumba inahesabiwa kwa jina la mwenye boma. Mwenye boma yuko chini ya udongo tangu mwaka juzi. Kwa hivyo, wifi, mlihesabu maiti mkapata moja.

Ndugu yako hakuwa mtakatifu, lakini kwa kugawa hakuna aliyemshinda. Usiku wa Hadijah ulikuwa wa Hadijah, wangu ulikuwa wangu. Akilala Mumias kwa biashara katika zamu ya mtu, akirudi anailipa. Akichinja ingokho, hata kuku awe mdogo vipi, paja moja huku, paja moja kule, na firigisi anakula mwenyewe ili pasiwe na kesi. Mimi na Hadijah hatujawahi kupendana, unajua. Lakini hatujawahi kupunjana. Shule niliachia darasa la saba. Kugawanya nimefunzwa na uke wenza.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, Hadijah aingizwe, wewe uko makao makuu na unaonana na wenye kalamu. Pili, niambie dawa hizi zitatolewa mpaka lini. Nilipomuuliza Onesmus, aliangalia pikipiki yake.

Wako,
Kulthum

*

Nairobi
2 Mei 1997

Mpendwa wifi Kulthum,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa umekasirika. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na ofisi, kina dirisha. Msalimie Baba, mwambie nitamletea mkongojo wa kupendeza, adhani ni fimbo ya kuchungia.

Kuhusu Hadijah: nimeuliza, wifi, na nimeuliza mara ya pili. Naomba unielewe jinsi mambo yalivyo. Nafasi ni arobaini kwa wilaya nzima. Kanuni ya mtu mmoja kwa nyumba waliiweka wataalamu kabla mimi sijaajiriwa. Walihofia kwamba watu wa nyumba moja wangegawana vidonge, na utafiti usingeonyesha ukweli. Nimeambiwa wengine watafikiriwa baadaye, katika awamu nyingine.

La muhimu sasa ni wewe umeze kama ulivyoelekezwa, chupa zote mbili, asubuhi na jioni, bila kuruka. Ukifanya hivyo utapata nguvu, na watoto watakuwa na mama. Wote, wako na wa Hadijah.

Nitaandika tena nikipata nafasi.

Nduguyo,
Raisa

*

Lurambi
15 Juni 1997

Wifi Raisa,

Amani iwe kwako. Mahindi yamenifika kifuani. Binti ya Hadijah ameng'oka jino la mbele na anatema mate kupitia pengo hilo kama mzee wa kilinge. Baba yako ameanguka lakini hakuvunjika, na fimbo yako anaingoja.

Swali langu la kwanza umelijibu kwa "baadaye". La pili hukulijibu kabisa. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma.

Nilialikwa mkutano wa mradi, kwenye hoteli hapo mjini. Siku hizi jina langu ni mshiriki. Tulipewa fulana zimeandikwa tutashinda. Mtu mmoja wa Nairobi mwenye tai akawasha taa ukutani, pakatokea vitone, akasema kila kitone ni mtu aliyeko kwenye utafiti. Nikauliza mimi ni kipi. Watu wakacheka, naye akacheka, akaendelea. Chakula kilikuwa kingi. Nilikula, sikatai kuku wa bure. Lakini huko hospitalini nilikopita asubuhi ile, wagonjwa wanalala wawili wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, na mwenye kutaka dawa ya vidonda vya mdomo anaambiwa akanunue mwenyewe dukani. Nje ya hoteli palikuwa na magari mawili mapya ya mradi. Magari mawili kwa watu arobaini. Ukiwagawia hao wa hospitalini kwa hesabu hiyohiyo, kila wodi ingekuwa na gari lake.

Ile fulana nimeifanya tambara la kupangusia mafuta ya cherehani.

Mimi naendelea vizuri, homa imenipa likizo. Onesmus huja, anamwaga vidonge mezani, anahesabu, anakuta vimepungua sawasawa na siku zilizopita. Ananisifu kama mtoto aliyemaliza obusuma, ugali wote sahanini. Hadijah naye amepata nguvu kidogo. Juzi alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Mungu ni mkubwa, nawe usiniulize zaidi.

Kulthum

*

Nairobi
28 Agosti 1997

Mpendwa wifi,

Nisamehe kwa ukimya. Nilitumwa Mombasa, kisha nikaugua mafua. Natumaini mtoto wa Hadijah ameota jino lingine.

Nina jambo la kukuuliza, na nimelikalia muda kwa sababu sijui namna ya kulisema kwa mtu aliyenilipia karo kwa sindano na uzi. Damu yako ya Julai imerudi. Mwanzoni wadudu wa ugonjwa walishuka, sasa wanapanda. Damu hii ni ya mtu asiyemeza, au anayemeza na kuacha. Lakini hesabu ya Onesmus inasema hujaacha hata kimoja. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Hapa ofisini wanasema kuna mahali wagonjwa wanauza vidonge sokoni. Mimi nimewaambia simjui mtu mnyofu kuliko wewe. Lakini wameniagiza niulize, kwa kuwa wewe ni wetu. Wifi, vidonge vinakwenda wapi?

Raisa

*

Lurambi
9 Septemba 1997

Raisa,

Salamu utazichukua kwa Baba yako, yeye anazo.

Kuuza. Nimelikalia neno hilo kwenye cherehani tangu barua ilipofika, nikajidunga sindano kwenye kidole. Sikuuza shamba la ndugu yako alipougua, niuze vidonge? Hao wenzako wa ofisini nawashangaa. Mtu anakupa kitone ukutani, kisha anakupekua mifuko.

Nitakuambia, kwa vile umeuliza.

Siku ya tatu tangu nipewe chupa, magharibi, Hadijah alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakubisha hodi. Alikuwa amekonda mpaka buibui lilikuwa linamvaa yeye. Nikamuuliza anataka nini.

"Sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kuona vile mtu huwa anameza."

Nikavimimina vidonge kiganjani. Aliviangalia vile mtu anaangalianga mvua ikinyesha shamba la jirani. Raisa, nimeishi na mwanamke huyo miaka kumi na moja. Amenitukana, nimemtukana. Aliwahi kuniambia mbele ya mume kwamba nilimroga akachelewa kuzaa. Lakini sijawahi kula yeye akitazama, na yeye hajawahi kula mimi nikitazama. Hiyo ndiyo heshima pekee tuliyokuwa nayo. Nikashindwa kufungua mdomo.

Nikamwambia, "Shika, meza wewe, usinitazame hivyo."

Akashika. Hakumeza. "Na kesho?"

"Kesho asubuhi yangu, jioni yako. Na kesho kutwa hivyohivyo. Tutakwenda kwa zamu."

Akafikiri, akakunja uso. "Kwa nini asubuhi iwe yako?"

"Kwa sababu niliolewa kwanza."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka naye bila mtu mwingine wa kumcheka.

Basi ndiyo hivyo. Vidonge vinakwenda katika matumbo mawili ya nyumba moja. Si mlisema ni nyumba moja? Onesmus anahesabu sawa kwa sababu hakuna kinachopotea. Jioni Hadijah huja mwenyewe, hata kukinyesha, hata akiwa na homa, na akichelewa namtuma mtoto. Tulidhani mwenye kupata nusu atapona nusu. Kama tulikosea, mlikuwa na miezi mitano ya kutuambia.

Kulthum

*

Nairobi
20 Oktoba 1997

Wifi yangu Kulthum,

Nakuomba radhi kwa lile neno. Sikulitunga mimi, lakini ni mimi niliyelitia katika bahasha. Msalimie Baba. Msalimie Hadijah, ingawa sijui nimsalimie vipi.

Nisikilize. Hii si sukari kwamba ukipata kikombe nusu chai inakuwa na utamu nusu. Dawa ya jioni ni lazima ikute ya asubuhi ingali kazini. Ikikuta imekwisha, ugonjwa unapata nafasi ya kuizoea dawa, na ukishaizoea, hata upewe gunia haitakusaidia. Mnavyofanya hamponi nusu. Hamponi kabisa, wewe wala yeye. Nakusihi kwa haki ya ndugu yangu: kuanzia siku utakayopata barua hii, meza zote wewe peke yako.

Sijamwambia mtu hapa. Wakijua watakutoa.

Na lile swali lako la tangu Aprili. Mradi unafungwa mwishoni mwa Februari. Baada ya hapo hakuna dawa. Inayouzwa hapa Nairobi, mgao wa mtu mmoja kwa mwezi unapita mshahara wangu mara tatu. Niliambiwa tusiwaambie washiriki mapema, wasije wakakata tamaa.

Raisa

*

Lurambi
4 Novemba 1997

Raisa,

Tunanyeshewa mpaka vyura wamechoka. Choo cha Hadijah kimedidimia, anatumia changu. Baba yako anauliza kama Nairobi nako kuna maji. Nimemwambia maji yako, ila yanapita wapate wengine.

Februari. Kumbe tangu Mei ulijua. Ulikuwa na dirisha, ukawa unaangalia nje.

Nimefundisha wasichana wengi kushona. Mtu akija na kitambaa cha nguo moja akitaka nguo mbili, simpimi wala simkatii. Namwambia mapema, karudi dukani. Nyinyi mlileta kitambaa cha nguo moja kwa wanawake wawili, mkakitupa katikati, mkaondoka na pikipiki, na sasa mnashangaa kwamba tumekichana. Kisha mnasema hatujui kushona.

Hadijah amerudi kitandani. Vidonda vimejaa mdomoni, hawezi hata uji wa moto. Lakini ikifika magharibi anajikokota, anakuja na mwanawe akimshikilia kiunoni. Unaniambia nimeze peke yangu. Basi nitamwambia nini akija? Nitamwambia zamu yako imefutwa na nani? Mume hayuko. Kadhi hakukata. Mimi siwezi kuifuta. Aliyeipokea atasema nimempunja, na atakuwa na haki.

Kwa hivyo utaandika wewe. Sitaki kanuni tena, sitaki pole. Wewe ni dada wa marehemu, una haki ya kusema katika boma hili, na wewe ndiye uliyesoma. Chukua karatasi uandike jina moja, Kulthum au Hadijah. Nitamsomea kwa sauti, na lolote litakaloandikwa tutalifuata. Mpaka ije, zamu iko palepale.

Kulthum

*

Nairobi
19 Desemba 1997

Wifi Kulthum,

Barua yako ya tarehe nne Novemba nimeipokea jana. Barabara ilikatwa na mafuriko na mifuko ya posta ilikaa huko njiani, karatasi imelowa pembeni. Nasema hivi ili ujue sikunyamaza kwa kukusudia safari hii.

Jina ni Kulthum.

Nimeliandika. Usiniambie nieleze.

Na kuna mengine. Nilichoka kuficha. Juma lililopita nilichukua barua yako ya Septemba nikaisoma mkutanoni, bila kutaja majina wala mahali. Nilidhani wataona aibu. Mkuu wetu alisema ni jambo la kuvutia sana, liandikwe makala. Mwingine akauliza kama kuna maboma mengine ya namna hiyo yanayoweza kupatikana kwa urahisi. Walikuwa wanakula biskuti. Niliposema tutoe mgao wa pili kwa boma hilo, wakaniangalia kama niliyesema kwa Kiarabu. Nikatoka, nikawaacha na biskuti zao.

Sasa, kwa sababu ya barua hiyohiyo, wamenipendekeza kwenda ng'ambo kusomea mambo haya, ni nani hupata matibabu na ni nani hukosa, na kwa nini. Kuna fomu. Wanataka ukurasa mmoja: kwa nini mimi nataka kufanya kazi hii. Nimeandika kwamba nina huruma, nikachana. Nimeandika kwamba naipenda nchi yangu, nikachana hiyo pia. Sistahili kukuuliza, lakini ni nani mwingine nitakayemuuliza?

Raisa

*

Lurambi
11 Januari 1998

Wifi yangu Raisa,

Ramadhani karim. Baba yako anafunga ingawa tumemkataza. Fimbo yako ilifika na anaitembeza kijiji kizima, wala haigusi chini.

Hadijah alifariki Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Desemba, asubuhi. Jina lako lilikuja juu ya kaburi lililokwisha kuota nyasi. Sikumsomea mtu.

Waosha maiti walikuja mpaka mlangoni, wakaomba glavu. Hazikuwako. Manesi walikuwa wamegoma, na Onesmus alisema glavu za mradi ni za kazi ya mradi. Wakasimama hapo wakisoma dua kwa nguvu ili wasionekane wanaogopa. Nikawaondoa njiani. Nilimwosha mimi, na jirani yangu Pascalia, Mkristo wa watu, akaniletea maji mpaka kizingitini. Sikujua mgongo wa mke mwenzangu una alama ya kuzaliwa. Miaka kumi na moja tumegawana mume, kisha vidonge, na hiyo sikuwa naijua.

Usiku wa mwisho hakuweza kuja kumeza kama kawaida; siku hiyo nilimfuata mimi. Koo lilikuwa limeziba. Akavirudisha mkononi mwangu, vimelowa mate, akasema, "Leo zamu yangu nimekupa. Usiseme nilipokonywa." Nikavimeza hivyohivyo mbele yake. Kwa hivyo jina lilikwisha kuandikwa, na aliyeliandika si wewe. Lako nimeliona. Sikulaumu. Kushukuru pia sitakushukuru.

Tangu hapo nameza asubuhi na jioni, kama mtakavyo. Vyote ni vyangu sasa. Jumatatu Onesmus alileta majibu ya damu, akayasoma akiwa amekaa juu ya pikipiki bila kuizima. Anasema dawa imezoeleka, hainifai tena. Nafasi yangu amepewa mtu wa Malinya. Nikamuuliza ataitumia muda gani kabla ya Februari. Akaondoka. Wiki saba, wifi. Kuna mtu Malinya sasa hivi anamshukuru Mungu kwa wiki saba.

Binti ya Hadijah nimemhamishia kwangu. Anaanza darasa la kwanza, nimemshonea sketi na kuacha upindo mkubwa. Nikijaliwa nitauachilia mwenyewe. Nisipojaliwa utauachilia wewe, si kazi ngumu.

Sasa huo ukurasa wako. Nenda kasome, sikukatazi. Karo yangu haikuwa ya kukufanya ukae dirishani. Lakini usiandike habari za huruma. Wenye huruma walituletea chupa mbili. Usiandike kwamba watu wa kwetu hatuelewi dawa. Hadijah hakukosa jioni hata moja tangu Aprili, nionyeshe mmoja wa hao wenye tai anayeweza hivyo. Andika kwamba kulikuwa na wanawake wawili wagonjwa na dawa ya mmoja, wakaambiwa ni mmoja. Andika kwamba walichokosea ni kukataa kupunjana. Andika majina yetu, yote mawili, usituite washiriki. Andika kwamba unataka kwenda mahali panapoamuliwa chupa ni ngapi, kabla hazijapakiwa kwenye pikipiki. Ikiwa hiyo siyo sababu yako, chana hii pia, utafute kazi ya benki.

Na ukifika huko, huyo atakayekuwa mkubwa wako, muulize: wake wawili wakiugua katika boma lake, naye ana dawa ya mmoja, atampa nani? Akijibu haraka, rudi nyumbani.

Kulthum